Kupanga, kuganda, kanga au katuni: zoezi lipi uanze nalo kufundisha hadithi kwa picha

Mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto kusimulia kwa picha mara nyingi huanzia kwenye katuni. Anagawa karatasi, anawaambia wazikunje mara mbili zitoke fremu nne, kisha: "Haya, tungeni hadithi." Nusu saa baadaye wale wachache wenye mkono wa kuchora wamemaliza na wameanza kuwachorea wenzao, wengine wamefuta mpaka karatasi imetoboka, na kule nyuma kuna kundi limekunja mikono: "Mwalimu, mimi sijui kuchora." Katuni ni zoezi zuri sana, ila mahali pake ni mwishoni. Yapo mengine yanayopaswa kuitangulia, na mengi hayamdai mtoto ajue kuchora hata kidogo.

Ninayoyalinganisha hapa ni mazoezi yanayowezekana katika madarasa yetu ya kawaida: watoto hamsini, sitini, pengine zaidi, kipindi cha dakika 40, ubao, chaki, magazeti ya zamani, na rimu moja ya karatasi inayotakiwa ifike mwisho wa muhula. Mwenye tableti kwa kila mtoto ana njia zake na simuonei wivu, au labda kidogo.

Ili nisipendelee, yote nayapitisha kwenye kisa kimoja. Mtoto katumwa dukani kununua mafuta ya kula, kapewa noti ya shilingi elfu tano. Njiani hela imepotea. Sasa anatakiwa kurudi nyumbani.

Tatizo lenyewe ni "halafu"

Watoto wetu hawana shida ya kusimulia kwa mdomo. Sema "Paukwa!" uone darasa zima linavyoitika "Pakawa!" Kisa cha noti ya elfu tano watakipeleka vizuri tu: alitumwa, halafu akapitia kwa rafiki yake, halafu wakacheza, halafu akaingiza mkono mfukoni, halafu... Sauti inawabeba, mikono inawabeba, na wakiona msikilizaji anapiga miayo wanaruka kipande.

Picha haina "halafu". Imesimama pale ilipo, na jicho la mtazamaji ndilo linalotembea. Kwa hiyo mtoto anayehama kutoka mdomoni kwenda kwenye picha ana mambo mawili mapya ya kujifunza: kuchagua tukio lipi lisimamishwe, na kumwachia mtazamaji ajaze yaliyobaki. Hicho ndicho kipimo changu. Zoezi linalomlazimisha mtoto achague na aache, hilo la kuanzia. Linalomruhusu aongeze tu, hata lipendeze vipi, lisubiri.

Kupanga picha, au kuganda?

Haya mawili ndiyo wagombea halisi wa nafasi ya kwanza, na hapa nitakaa kidogo.

Kupanga picha kunahitaji ukurasa mmoja wa A4 wenye picha nane ndogo. Zichore mwenyewe kwa mistari ya kawaida au zikate magazetini: noti, mlango wa duka, mguu wenye ndala, mbwa, uso wa mtoto, mama amesimama mlangoni, mikono mitupu, mtaro wa maji. Toa kopi kumi, kata, weka kila seti kwenye bahasha. Darasa la watoto sitini linatoa makundi kumi ya sita sita. Sharti ni moja: kila kundi litumie picha nne, lisitumie zote nane. Funga kamba mbele ya ubao, kila kundi likabane picha zake kwa vibanio vya nguo.

Sharti la picha nne ndilo linalofundisha. Bila hilo watapanga zote nane na kukusimulia "halafu" zao nane. Wakilazimika kuacha nusu, mabishano yanaanza, na mabishano hayo ndiyo somo. Kundi moja linaanza na mama mlangoni, kisha noti, mbwa, mikono mitupu. Lingine linaanza na noti, mguu wenye ndala, mtaro, na mama linamweka mwisho. Hapo simamisha darasa uulize: mama wa kundi la kwanza anafanya nini? Anatuma. Na wa kundi la pili? Anasubiri, na fimbo ipo nyuma ya mlango. Fimbo? Wapi? Picha ni ile ile, kopi ya mashine ile ile. Kilichobadilika ni mahali ilipokaa kwenye kamba.

Jambo hili lina historia ndefu kwenye sinema. Lev Kuleshov, mwongozaji filamu wa Urusi, alilijaribu katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917. Alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha kitu, akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa namna alivyoonyesha njaa, huzuni na tamaa. Uso ulikuwa ule ule mmoja.

Ubaoni unaweza kulirudia jaribio hilo kwa chaki tu. Chora duara, vitone viwili vya macho, mstari mnyoofu wa mdomo. Pembeni yake chora sufuria iliyopinduliwa. Uliza: anajisikiaje? "Ana njaa." Futa sufuria, chora karatasi ya mtihani yenye alama 08. "Amefeli, anaogopa kwenda nyumbani." Futa, chora mpira. "Anataka kucheza, ila amekatazwa." Sasa mwite mmoja mbele, mpe chaki: "Nioneshe kwenye huu uso, njaa iko wapi?" Atatafuta, atacheka, darasa litacheka naye. Hakuna maelezo ya kitabuni yatakayofika pale ambapo kicheko hicho kimefika.

Kuganda nako ni hivi. Watoto watano wanakuja mbele, wanapewa kipande cha kisa, wanakubaliana kwa kunong'ona. Darasa linafumba macho. Unahesabu tatu, wanaganda kama walivyo: mkono umeinuka, mguu uko hewani, mtu kainama. Darasa linafumbua macho na kusoma: nani ni nani, nini kimetokea, nini kinakuja. Waliogandishwa hawajibu. Ukitaka kuongeza, mguse mmoja begani, naye aseme sentensi moja tu kisha anyamaze tena.

Katika kisa chetu, kundi la kwanza karibu kila mara litagandisha kipigo. Mama kainua mkono, mtoto analia. Mwachie. Kisha liombe kundi la pili lioneshe kisa hicho hicho bila mtu yeyote kumgusa mwenzake. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu: mtoto anasimama mbali na mlango, mgongo kwetu, mama kakaa, hamtazami, anachambua mchele, mdogo wake yuko katikati, anawaangalia wote wawili. Hatua tano za sakafu kati ya mama na mtoto zinasema zaidi ya mkono uliokuwa juu. Umbali, kimo, mgongo, mwelekeo wa macho: vitu ambavyo kwenye somo la uchoraji ungevitafutia majina magumu, hapa mtoto anavijua kwa mwili wake. Ukimsimamisha mtu juu ya kiti na mwingine umketishe chini, hakuna haja ya kueleza nani ana madaraka.

Anayehusishwa sana na namna hii ya kufundisha ni Augusto Boal, mtu wa tamthilia wa Brazil aliyefariki 2009. Nitamrudia, maana ana kisa cha msumari ambacho mwalimu yeyote wa picha anapaswa kukijua.

Sasa tuyaweke pamoja. Gharama: kuganda ni bure kabisa, kupanga kunataka kopi kumi na mkasi. Kelele: kupanga kuna mabishano ya kundi, kuganda kuna vicheko vinavyovuka ukuta na kumleta mwalimu wa darasa la pili dirishani. Ushiriki: kwenye kupanga watoto wote sitini wanashika kitu mkononi, kwenye kuganda watano wanafanya na hamsini na tano wanatazama, ingawa kutazama kwenyewe ni kazi. Aibu: mtoto mwenye haya atapanga picha bila shida, lakini kumsimamisha mbele akiwa na mguu mmoja hewani ni kumtesa. Zipo pia sehemu ambako wavulana na wasichana hawapangwi kundi moja la kuigiza, na mwalimu mgeni anayelazimisha atalisikia kwenye kikao cha wazazi. Ushahidi: kupanga kunaacha kitu kwenye kamba ambacho unaweza kukirudia kesho; kuganda kunayeyuka mara unaposema "legea". Unaweza kupiga picha kwa simu yako, ila picha za watoto ziombewe ruhusa kwa mkuu wa shule na wazazi, na zisiishie kwenye stetasi.

Kwa darasa kubwa lisilokuzoea, naanza na kupanga. Kwa darasa dogo, au klabu ya jioni ambako watoto wamekuja kwa hiari, naanza na kuganda bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kinachoeleweka na mwili hakisahauliki haraka.

Msumari wa Lima na dirisha la boksi

Mwaka 1973 Boal alishiriki katika mpango wa kufuta ujinga nchini Peru. Badala ya kuwauliza watu maswali wajibu kwa maneno, walimu waliwapa kamera na kuwaambia wajibu kwa picha. Swali mojawapo lilikuwa: unyonyaji ni nini? Watu walileta picha za mwenye nyumba, mwenye duka, ofisi ya serikali. Mtoto mmoja akaleta picha ya msumari uliopigiliwa ukutani. Watu wazima wengi hawakuelewa. Watoto wenzake wote walikubaliana naye. Ikaja kueleweka kwamba wengi wao walikuwa wanang'arisha viatu mjini Lima na walikuwa wanaishi mbali. Masanduku yao ya kazi yalikuwa mazito kuyabeba kila siku kwenda na kurudi, kwa hiyo walikuwa wanawalipa wenye maduka ili wayatundike kwenye msumari usiku kucha. Walikuwa wanapanga msumari kama mtu anavyopanga chumba.

Kisa hiki nakileta kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho kupanga na kuganda havikifikii: picha iliyotafutwa na mtoto mwenyewe katika mazingira yake. Picha ulizozikata wewe zina mawazo yako. Pozi la kuganda lina mazoea ya filamu walizotazama. Msumari haukutoka kwa mwalimu.

Kamera hatuna, na simu kwa wanafunzi wa shule zetu nyingi ni marufuku. Kata boksi la sabuni au la biskuti vipande vya ukubwa wa daftari, kila kimoja ukitoboe dirisha la sentimita 6 kwa 9. Basi, hiyo ndiyo kamera. Mtoto akiisogeza karibu na jicho anaona uwanja mzima wa shule. Akinyoosha mkono anaona kitasa cha mlango peke yake. Tofauti ya picha ya mbali na picha ya karibu, ambayo walimu wa filamu huieleza kwa michoro, hapa ni suala la kukunja au kunyoosha kiwiko. Watoe nje kwa dakika kumi na swali moja: "Hela imepotea. Piga picha moja inayoonyesha hivyo, bila kuonyesha hela." Warudi waandike sentensi mbili: nimeona nini, na kwa nini nimekata hapo.

Utaletewa mtaro. Utaletewa tundu la mfuko wa kaptula. Utaletewa vilevile vitu visivyohusu chochote, kwa sababu watoto thelathini wako nje na kuna mwembe. Udhaifu wa zoezi hili ni nidhamu: bila mwalimu wa pili au viranja imara, kipindi kinageuka mapumziko. Kwa matokeo yake, hata hivyo, nalipa nafasi ya tatu na nisingelitoa.

Kanga dhidi ya katuni: maneno yakae wapi

Hadi hapa ni picha tupu. Maneno yakiingia, mtoto anarudi kwenye ugonjwa mwingine: anachora mtoto analia na pembeni anaandika "Ninalia". Anachora duka na juu yake anaandika "Duka". Neno na picha vinasema kitu kimoja, na kimoja kati yao hakina kazi.

Dawa ya ugonjwa huu iko kabatini kwa mama zao. Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina lake chini ya mji. Maandishi hayo zamani yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja kwa herufi hizi tunazotumia sasa. Na jina la kanga halielezi mchoro wake. Mchoro ni korosho, jina ni "Hasidi hana sababu". Mchoro ni maua, jina ni "Usisafirie nyota ya mwenzio". Hakuna anayeuliza nyota iko wapi kwenye hayo maua.

Somo linakwenda hivi. Leta kanga tatu nne, funika majina kwa kukunja upindo. Watoto waseme wanaona nini: rangi gani, umbo gani, inawapa hisia gani. Fumbua jina. Sasa waulize swali ambalo kitambaa peke yake hakiwezi kulijibu: kanga hii mama akimpa binti yake siku ya harusi inasema nini? Na mke mwenza akiivaa akapita mbele ya dirisha la mwenzake? Wale wa Unguja na Mombasa watakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na watakuongezea visa ambavyo hukuviomba. Ndipo wanapoona kwamba maana haiko kwenye mchoro peke yake wala kwenye maneno peke yake, bali pia kwenye nani kavaa, mbele ya nani, siku gani. Tahadhari ndogo: chagua majina mapema. Yapo mafumbo ya kanga ambayo mwalimu hatatamani kuyafafanua mbele ya darasa la tano.

Kisha watengeneze ya kwao: nusu karatasi, pindo, mji, jina. Sharti ni kwamba jina lisitaje kitu chochote kilichochorwa. Kwa kisa cha noti, mtoto akichora ndala mbili katikati na kuandika "Ningejua nisingepitia", hapo hadithi nzima imo, na michoro yenyewe ni ndala tu ambazo hata asiyejua kuchora anaziweza. Pindo nalo linampa kazi yule mwenye mkono wa kuchora, maana kurudia umbo moja kuzunguka karatasi bila kukosea ni kazi ya subira.

Katuni inafika mbali zaidi. Ina wakati, ina mazungumzo, ina nafasi tupu kati ya fremu na fremu ambapo mtazamaji anajaza mwenyewe: fremu ya kwanza noti iko mkononi, ya pili mtoto yuko mbele ya muuza duka na mikono mitupu, na wewe ndiye uliyeidondosha hela kichwani mwako. Hakuna zoezi jingine katika haya linalotoa vyote hivyo pamoja. Lakini linadai vyote hivyo pamoja pia, na ndiyo maana linamzidi mtoto anayeanza. Aliyepitia kupanga anajua kuchagua fremu nne. Aliyepitia kuganda anajua kuwasimamisha watu. Aliyepitia dirisha la boksi anajua kusogea karibu. Aliyepitia kanga anajua kutoandika "Ninalia". Huyo mpe karatasi, na umwambie watu wa vijiti vinatosha, na kila fremu isizidi maneno matano.

Walimu wengine huanzia kwenye katuni za magazetini kama mfano. Kazi za Gado au Masoud Kipanya ni darasa kubwa kwa mtu mzima, lakini katuni ya siasa huishi kwa habari ya wiki ile. Mtoto asiyejua nani kasema nini bungeni anaona mtu mwenye tumbo kubwa, basi. Zitunze kwa kidato cha tatu na nne, na ubandike habari yenyewe pembeni.

Kamishibai

Huu ni utaratibu wa Wajapani, na kwa madarasa ya awali hadi la tatu naupenda kuliko vyote nilivyovitaja. Katika miaka ya 1930 wasimuliaji walikuwa wanazunguka mitaani kwa baiskeli, nyuma wamefunga kifremu cha mbao kama jukwaa dogo. Waligonga vijiti viwili vya mbao, watoto wakakusanyika, wakawauzia peremende, kisha hadithi ikaanza kwa kadi zinazochomolewa moja baada ya nyingine. Televisheni ilipoenea baada ya vita, biashara hiyo ilififia, lakini shuleni na maktaba kadi zilibaki.

Ujanja uko mahali pawili. Maneno ya picha inayoonekana mbele yameandikwa nyuma ya kadi ya mwisho, ile inayomtazama msimuliaji, hivyo anasoma bila kugeuza kitu. Na kadi inaweza kuchomolewa nusu tu. Chomoa polepole: kwanza linaonekana duka, kisha miguu ya mtoto, simama hapo, waache wabishane, kisha mikono mitupu. Kasi ya kufichua ni kitu ambacho hakuna zoezi jingine hapa linakifundisha.

Boksi la katoni na karatasi za manila zinatosha. Kinacholiangusha ni hesabu: msimuliaji ni mmoja, na kama kila kundi litasimulia, vipindi vitatu vimekwenda. Halafu mchoraji anakuwa mmoja kwa kundi, tukarudi kule kule. Kwa mwalimu mwenye watoto wadogo na hamu ya kuwazoesha kusoma kwa sauti, hata hivyo, sioni la kulishinda.

Maswali matatu, yasiyoshindana na yoyote

Hili silihesabu kama mshindani kwa sababu ni la dakika kumi na linakaa kabla ya lolote katika hayo. Mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza elimu katika jumba la sanaa za kisasa la MoMA huko New York, waliunda utaratibu wa kutazama picha kwa maswali matatu. Kuna nini kinaendelea kwenye picha hii? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini kingine? Mwalimu ananyooshea kidole kinachotajwa, anarudia wazo la mtoto kwa maneno mengine, na hasemi "vizuri" wala "hapana".

Ugumu wake kwetu uko hapo kwenye kutosema "vizuri". Watoto waliozoea jibu moja sahihi hawaangalii picha, wanaangalia uso wa mwalimu. Mara za mwanzo kutakuwa na kimya kizito. Kivumilie.

Kuhusu picha ya kutumia, wengi hukimbilia Tingatinga, na wana sababu: tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya mbao za hardboard, mtindo huo umekuwa ndio picha ambayo mtoto wa Tanzania anaitambua haraka. Ila chagua. Chui mmoja aliyesimama kwenye uwanja wa rangi moja ni mzuri kwa macho lakini swali la "kuna nini kinaendelea" linaishia hapo hapo: kuna chui. Tafuta zile za kijiji, soko au hospitali, zilizojaa watu wadogo wadogo wakifanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Hizo zinaweza kumaliza kipindi kizima na bado kuna mtoto anaonyesha kitu ambacho hamkukiona.

Kwa hali yako

Una watoto sitini, hawakujui, na mkuu wa shule anapita koridoni: anza na kupanga picha, ukianzia na uso wa chaki ubaoni. Una klabu ya watoto ishirini jioni: kuganda, kisha dirisha la boksi, kanga wiki inayofuata. Una darasa la kwanza au la pili: kamishibai, na yote mengine yasubiri. Unafundisha Kiswahili sekondari na unataka fasihi yako ipate macho: kanga, moja kwa moja, maana inakuunganisha na mafumbo na methali ambazo tayari ziko kwenye muhtasari. Huna chochote kabisa, hata chaki imeisha: kuganda. Una wiki moja tu na unataka kazi za kubandika ukutani siku ya wazazi: kanga za karatasi, zinapendeza na hazimwachi mtu nje. Katuni usiiguse mpaka angalau mawili kati ya haya yamepita.

Limebaki jambo moja, alama, maana Sanaa na Michezo nayo ina safu yake kwenye kitabu cha maendeleo. Kuganda huwezi kukusahihisha kwa kalamu nyekundu, na sikushauri ujaribu. Andika majina ya waliosoma picha ya wenzao kwa ushahidi, wale wanaosema "anaogopa kwa sababu amegeuza mgongo". Kupanga, wape alama kwa kueleza picha waliyoiacha. Kwa katuni, usipime uzuri wa mchoro. Funika fremu moja kwa kiganja, soma zilizobaki, kisha fanya hivyo kwa kila fremu. Kama umefunika ya tatu na hadithi imekwenda vilevile, mwambie mwenye karatasi afute hiyo ya tatu afikirie kingine, na umrudishie daftari bila alama mpaka kesho.